Kabula na okestra yetu ya kiwanda cha pamba

Simu ya mdogo wake Kabula imenikuta sokoni asubuhi hii. "Dada, Kabula ametutoka." Nikamjibu amekosea namba. Hadi naandika hapa, kichwa bado kinakataa.

Wengi mnamjua kama mama wa kwaya kule Buhongwa. Mimi namjua tangu miaka ya tisini, akiwa fundi mashine kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na Jumapili anapiga fidla kanisani.

Kiwanda kikafungwa. Wenzake wakakimbilia biashara ya samaki, sangara wa ziwani. Yeye akaenda kwa mzee mwenye jengo kuomba ufunguo.

"Wa nini?"

"Tunataka ukumbi wa okestra."

Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Lakini ufunguo akatoa!

Tulifagia vumbi la pamba wiki nzima. Jamani, tulipiga chafya kuliko tulivyopiga muziki.

Fidla za kanisani, matarumbeta ya bendi za harusi, rehearsal za kwanza fujo tupu. Na boss mwenyewe, Kabula, mkali: "Mwenye hasira akanawe uso ziwani, halafu arudi."

Halafu ile show ya kwanza. Ukumbi umejaa, wengine wamevuka na kivuko kutoka Sengerema. Tumeanza tu, mvua ikamwagika juu ya mabati. Husikii hata fidla yako!

Mtu akapaza sauti, "Kabula, umeiita mwenyewe!" Wasukuma wakacheka, maana jina hilo ni la aliyezaliwa mvua ikinyesha.

Watu wakaanza kuinuka. Kabula akashusha kijiti cha kuongozea, akawageukia.

"Msiondoke! Bebeni viti, mje mkae katikati yetu."

Wakaja. Bibi mmoja alinibana hadi kiwiko changu kikawa kinagusa khanga yake. Tukaanza upya, mvua ile ile, na safari hii walisikia. Bibi akalia. "Mwanangu, mnapiga tena lini?"

Tangu siku hiyo hatukurudisha viti nyuma.

Baadaye jengo likauzwa, likawa ghala la samaki. Mimi nililia pale pale. Kabula alirudisha ufunguo kwa mikono miwili: "Ahsante, mzee wangu." Tulipofika barabarani akanishika mkono, hakuniachia mpaka kwao.

Rafiki yangu, miezi yote hii unaumwa na hukuniambia. Ningekuja. Unajua kabisa ningekuja.

Haya, mama. Umetuongoza vya kutosha. Pumzisha mikono hiyo, Kabula, ulale salama.