Shada la Mlango Wetu

Mpaka leo sijaelewa vizuri ni kwa nini mbwa wa Nairobi wasaidiwe kwa mashada ya maua. Nilishiriki mwenyewe, waya ukanichoma vidole, na bado sijaelewa.

Ilikuwa Desemba, mwishoni mwa miaka ya sabini, mtaa wa Jericho. Mbwa wa baba alikuwa amegongwa na mkokoteni karibu na soko akavunjika mguu, na mama mmoja Mzungu aliyetunza mbwa waliookotwa barabarani akamchukua kumtibu bila kutudai chochote. Baadaye akatuma neno: wanawake wa mtaa waje ukumbi wa kanisa Jumamosi wafundishwe kutengeneza mashada ya Krismasi. Yangeuzwa kwa matajiri, mbwa wapate chakula na dawa. Kwa kuwa wetu alikuwa mmoja wa walaji, sikuweza kukataa.

Lakini sikwenda kwa moyo mweupe. Mama yangu alikuwa amefariki mwaka uleule, wakati wa masika. Baba alimtoa hospitali moja kwa moja hadi Ukambani, tukamzika, tukarudi, bila kumwambia jirani hata mmoja. Hakutaka kuchangiwa. Halafu, mtu wa ajabu huyo, akakasirika kwamba majirani hawakuja kumpa pole. Majirani nao waliona wamefichwa msiba, wakakaa kwao. Ikawa anasalimiwa kwa mbali, naye anajibu kwa mbali. Alikuwa ameapa kwamba mbwa akipona, analirudishia baraza la mji nyumba yake na kwenda zake Ukambani kabla ya Mwaka Mpya.

"Hapa hata nikifa hakuna atakayejua," aliniambia.

Mimi nilikuwa karani katika kiwanda cha sabuni, na sikutaka aende. Kwa hiyo nilikuwa nikisaidia kumponya mbwa ambaye akipona angeniondolea baba. Ningeelewa nini hapo?

Ukumbini tulikuta rundo la matawi ya saiprasi, waya na utepe. Mzungu alieleza, kwa Kiswahili chake cha kukatakata, kwamba unakunja waya uwe duara, unaufungia matawi pande zote, kisha unatundika mlangoni kukaribisha wageni. Tukatazamana. Kwetu shada linakwenda kaburini. Mlangoni linakwenda kufanya nini? Mama mmoja muuza mboga aliuliza kwa adabu ni mbwa wangapi waliokufa. Mzungu akasema hakuna, tunatengeneza ili wasife. Tukatikisa vichwa kama watoto ambao hesabu imewapita, tukaendelea kukunja. Mahali pa vitunda vyekundu alivyovitaka tulitunga pilipili za sokoni. Mwishoni kila mmoja alipewa shada moja aende nalo. Utepe mwekundu ulikuwa umeisha, langu likafungwa kwa wa zambarau, kama ule wa makaburini.

Nililitundika mlangoni kwa sababu nilikuwa nimemwahidi Mzungu. Baba alikuwa amekwenda kumchukua mbwa wake, na nilijua akirudi ataanza kufunga mizigo. Nikaenda dukani kutafuta mafuta ya taa, nikakwama huko kwenye foleni.

Niliporudi, wanawake waliojifunga leso walikuwa wameketi chini mbele ya nyumba yetu, jiko limewashwa, sufuria kubwa ya chai juu yake. Wanaume walikuwa wakibeba mabenchi kutoka kanisani. Nilijua baba amekufa. Nilitaka kuuliza amefia wapi, lakini kila mtu alinishika mkono akisema pole, nami nikazidi kuamini.

Jirani tuliyegawana naye ukuta, mama wa Kikuyu aliyekuwa akichota maji pamoja na mama yangu kila asubuhi na ambaye hakuwa amekuja ukumbini, alinikalisha.

"Sisi tulingoja mtuambie," alisema. "Miezi yote hiyo. Sasa leo ndio mmetuambia."

Nilimtazama yeye, nikalitazama shada, nikamtazama tena. Ndipo nikajua ni matanga ya nani. Ningewaambia kwamba lile ni pambo la Krismasi, ni la mbwa, wasichome makaa yao bure. Lakini nilikuwa nalia, kwa furaha kwamba baba yu hai na kwa uchungu wa mama, na sikujua lipi ni lipi.

Baba akatokea kwenye kona, mbwa akichechemea nyuma yake kwa kamba. Akaona watu, akaona shada, akasimama.

"Nani amekufa?"

Jirani akamwendea, akamshika kwa mikono miwili. "Ni mke wako, mzee. Pole sana."

Nilingoja afoke, maana namjua. Akavua kofia, akawatazama watu mmoja mmoja kama anayetafuta aliyekosea nyumba. Kisha akaketi kwenye benchi mahali pa mfiwa, akapewa kikombe, mbwa akalala miguuni pake. Wakamuuliza mama aliumwa nini. Akaanza kusimulia, na mengine hata mimi nilikuwa siyajui.

Walipoondoka nilipanda kiti nilitoe lile shada kabla halijatuletea kizaazaa kingine.

"Liache mpaka Mwaka Mpya," baba akasema.

"Na Ukambani?"

Alikuwa akiifungua kamba ya mbwa, hakuinua kichwa. "Liache. Kuna majirani wa zamu ya usiku hawajaja."