Jino la Kupimia Mahindi

Mjomba wangu alikuwa na stoo ya mahindi Kitale, na ukavu aliupima kwa jino. Mkulima akishusha gunia, mjomba huchomoa punje, huiweka kwenye gego na kuuma. Ikipasuka kwa mlio, imekauka. Ikibonyea, rudi nayo ukaanike. Gego lake lilipong'oka, alitaka mrithi, na wa kuchaguliwa tulikuwa wawili: mwanawe na mimi.

Alitusimamisha mlangoni mwa stoo, akatufunga vitambaa machoni, akaanza kutulisha punje. Ukikosea, kofi. Mimi nilikosea mpaka sikio likavuma. Binamu yangu hakukosea hata mara moja. Hata jino lilipomvunjika alitema damu, akasema, "Hii imekauka, baba." Mjomba alicheka kwa fahari. Mimi akanitupia jicho tu. "Huyu apelekwe shule, hapa hana kazi." Nikarudishwa Bungoma kwa mama.

Siku hizi nafundisha uchumi wa mageuzi, unaotazama biashara kama viumbe, katika chuo kimoja hapa Bungoma. Msingi wake si mgumu. Biashara haiendeshwi na akili nyingi kama watu wanavyojidai. Inaendeshwa na mazoea. Mazoea hurithishwa, hubadilika kidogo hapa na pale, kisha soko huchagua yatakayobaki, bila kujali jasho la mtu. Wenzangu wanasema kesho ya somo hili iko kwenye kompyuta: tuyachore masoko humo, tujue ni biashara gani itakufa kabla haijafa. Mimi sikuhitaji kompyuta. Nilikuwa na binamu.

Wasaga unga wa mji wa Moi's Bridge, wanunuzi wake, walipoanza kuja na mashine ya kupima unyevu, yeye aliwacheka. Jino lilikuwa limemlisha baba yake, lingemlisha na yeye. Halafu mwaka huu mvua ikakataa kukatika wakati wa kuvuna. Wakulima walianika haraka haraka kando ya lami, punje zikakauka juu na kubaki na maji ndani. Chini ya jino zililia vizuri. Alizipokea zote. Stoo nzima ikaota ukungu, mahindi yakafukiwa shimoni, na jengo likachukuliwa na mwingine.

Akaja kwangu Bungoma, amekonda, anatafunia upande mmoja.

"Ndugu yangu, nasikia chuo inanunua mahindi ya jikoni. Si uniongelelee nikuwe napima hapo stoo?"

"Kwa jino?"

"Hata kwa hiyo mashine. Nifunze tu."

Nilifurahi, sitaficha. Nilimweleza nadharia yote, polepole, kama ninavyowaeleza wanafunzi wazito: hakuna aliyemwonea, ni mazoea yake tu yaliyoshindwa kuchaguliwa.

Alisikiliza hadi mwisho. "Ati ni mazoea imetolewa," akasema. "Sasa mbona ni mimi sina pa kulala?"

Nikamwambia chuo kina mtu wa stoo tayari. Hakikuwa naye. Alinishukuru, akaniombea baraka, akaondoka.

Kesho yake nilimtumia kama mfano darasani, bila jina. Nililieleza jino, mashine, ukungu. Somo halijawahi kueleweka vile. Walicheka palipofaa na kuandika palipofaa. Msichana mmoja wa mbele akanyoosha mkono. Alitaka kujua huyo mtu yuko wapi sasa.

Nikamwambia hilo haliko kwenye mtihani.