Mapanki ya Mama

Juzi pale Ilemela nilimkuta mwanamke akikaanga mapanki, yale mabaki ya sangara akishaondolewa minofu. Harufu ile ikanirudisha kwetu Kamanga, mchana mmoja.

Pamba yetu ilijaa nyumbani mpaka tukawa tunalala juu yake, wanunuzi hawaji. Ndipo mama akavuka ziwa kwenda Mwanza, kufanya kazi kiwanda cha minofu ya samaki. Aliporudi mara ya kwanza alibeba gunia lililolowa mafuta. Ndani mlikuwa na vichwa na mifupa tu.

Nikasusa. "Minofu umekula wewe, sisi unatuletea mifupa!"

Bibi, mama yake baba, akanyanyua mwiko.

"Mwache, mayu," mama akamwambia, yaani mama kwa Kisukuma. Akanisogezea vidole vyake, vimechanjwachanjwa na kisu, vimekunjamana kwa barafu. "Minofu inapanda ndege, inakwenda Ulaya. Mimi naikata, siionji."

Sikumwamini. "Samaki apande ndege, anamfuata nani huko?"

Bibi akacheka. "Huyu anadhani sangara anakata tiketi!"

Leo najua mama alisema kweli. Siku ile nilijua moja tu: nikikataa kula, atabaki nyumbani. Nikafumba mdomo.

Akanielewa. "Kule narudi leo leo," akasema, "na nikija tena ni mapanki tena. Kwa hiyo jifunze kula."

Akaketi mbele yangu, akanitazama mpaka nikafyonza kichwa kizima, na macho yake. Kisha akajifunga kanga, akaiwahi feri.