Nta ya Mizinga ya Guka

Je, nikiiharibu nta iliyobaki, nitamwambia nini cucu? Swali hilo lilininyima usingizi nilipomaliza shahada ya kemia na kurudi kwa cucu, yaani nyanya yangu, karibu na Manyatta. Guka, mume wake, alikuwa amefariki na nyuki wamehama mizinga yake. Lilibaki bonge moja la nta. Cucu alitaka litengenezwe mshumaa wa kuwashwa kaburini siku ya ibada ya kumbukumbu ya guka. Kazi hiyo akanipa mimi, mjukuu niliyepewa jina la cucu mwenyewe.

Nilikata kipande nikakiyeyusha ndani ya kopo juu ya maji moto. Kwa utambi nilichukua uzi wa kusukia vikapu vya kiondo, maana kwa cucu hauishi. Mwali ukasinyaa, uzi ukajikunja, moto ukazimika. Kumbe ulikuwa uzi wa plastiki. Joto huyeyusha nta, nayo hupanda kwenye utambi kama chai inavyopanda kwenye mkate uliochovywa; ikifika juu hugeuka mvuke, na mvuke huo ndio unaowaka. Plastiki hainyonyi kitu.

Nikajaribu utambi wa stovu ya mafuta ya taa, ambao ni pamba. Ukawaka, lakini kwa kuwa ulikuwa mnene ukatoa masizi. Niliupuliza ukazimika, nikasogeza kiberiti kinachowaka kwenye ule moshi mweupe, mbali kidogo na utambi. Moto ukateremka kwa moshi hadi chini. Cucu alicheka, akaniuliza kama huo ndio uchawi niliofundishwa chuoni.

Ningeishia hapo. Lakini nilitaka kuwa na uhakika. Nikaufumua utambi ule niusuke upya kwa nyuzi chache. Nyuzi mbili, mwali ukazama ndani ya nta. Nyuzi tano, masizi tena. Kila jaribio lilimeza kipande, nami nilizidi kuahirisha, hadi siku ya ibada ikatukuta bila mshumaa. Padri aliombea kaburi huku cucu ameshika mshumaa wa dukani, mweupe, usio na harufu yoyote. Siku ile haitarudi, na hakuna hesabu ninayoweza kuifanya ikairudisha.

Tuliporudi jikoni alilitazama bonge, ambalo sasa lilikuwa kama ngumi.

“Wajina, hii nta unaitunza ama unaiogopa?”

Nilianza kumweleza habari za unene wa utambi.

“Mimi sikuuliza utambi. Guka yako alipanda miti ya kuvutia nyuki akiwa mzee kunishinda, na hakujua kama nyuki watakuja.”

Alitoka kwenda kulisha ng'ombe. Nilibaki nikiwaza kwamba kwa nyuzi tatu mwali huenda ukazama, na kwa nne huenda ukatoa masizi, na kwamba hakukuwa na nta ya kujaribia tena. Kisha nikasuka nyuzi tatu, nikayeyusha bonge lote bila kubakiza hata chembe, nikamimina. Jikoni kote kukanukia asali. Mshumaa ulipoganda nilimwita cucu, tukashuka pamoja hadi kaburini mchana ule ule, nikawasha.