Mashine Ilisema Ni Mimi

Hadi leo nikikumbuka asubuhi ile najiona mjinga. Nilikuwa mpiga chapa Thika, miaka ya tisini ikielekea kuisha, katika ofisi ndogo yenye kompyuta mbili zilizounganishwa kwa waya: yangu hapo mbele, nyingine chumba cha nyuma, ya mama mwenye ofisi. Yeye aliishi Ruiru, na siku hiyo alikuwa amechelewa.

Saa mbili akaingia dada mmoja wa Mwihoko, macho mekundu. Mamake alikuwa anazikwa saa sita. Kwenye nakala ya kijitabu cha mazishi tuliyoipa familia jana yake wakaikague, alihesabu watoto watano. Yeye wa sita, aliyezaliwa kabla mama hajaolewa, hakuwemo.

“Niandike hata kama ni mwisho,” akaniambia. “Nisisimame kwa kaburi la mamangu kama jirani.”

Nikafungua faili. Ikakataa. Eti imefungwa, kuna mtu anaitumia, na mtu mwenyewe ni mimi, jina langu lote hapo. Ngai, Mungu wangu! Mimi niko hapa, mikono yangu hii hapa, nimeishika saa ngapi? Ikaniruhusu kusoma tu, nami kwa ujinga wangu nikasoma tu, watoto walewale watano, badala ya kuinakili kwa jina lingine. Nikazima, nikawasha. Bado ni mimi. Nikachomoa ule waya, faili yenyewe ikapotea, nikaurudisha mbio huku jasho likinitoka. Dada alikuwa anaangalia saa ya ukutani, na hiyo ndiyo iliyonitia hasira zaidi.

Chumba cha nyuma nilikuwa nimechungulia mara mbili. Kompyuta ya mama mwenye ofisi ilikuwa imefunikwa kitambaa chake cha kufuma, kama tulivyofunika redio na televisheni nyumbani, na kwetu kitu kikishafunikwa kimelala. Mara ya tatu nikaweka mkono juu ya kitambaa. Kilikuwa na joto. Kweli kikulacho ki nguoni mwako! Mama mwenye ofisi alikuwa amebaki jana yake jioni nilipotoka, akazima kioo tu, mashine akaiacha ikiwaka, akafunika, akaenda zake. Humo ndimo faili zilimokaa, na fundi wetu mvivu alikuwa ameandika jina langu kwa mashine zote mbili, hivyo hata hiyo ilijiita mimi.

Nikawasha kioo. Faili ilikuwa wazi, na watoto walikuwa sita. Wa kwanza alikuwa yule dada.

Kando ya kibodi kulikuwa na karatasi ya daftari, bila shaka mama mwenye ofisi aliletewa jioni ile, maandishi ya penseli yanayotetemeka: “Vijana wangu walikosea. Watoto wa nyumba yangu ni sita. Anza na mkubwa.”

Nikamwita dada. Alisoma kioo kwanza, halafu karatasi, akairudia.

“Huu ni mwandiko wa mzee, bwana wa mamangu,” akasema. “Miaka yote hiyo hajawahi kuniita mtoto.”

Nikahifadhi faili, nikaanza kuchapa. Akaniomba ile karatasi. Nikampa, akaikunja, akaitia kifuani, ndipo akalia.