Waya Usio na Lebo

Admin, nifiche jina, maana wengi humu wananijua. Nina miaka arobaini na tisa, naishi Munyaka, kazi yangu ni kuweka mitandao ya kompyuta. Mimi ndiye yule hujaa kwenye komenti nikiwachapa mabosi wanaodai uzoefu kwa mtu ambaye hawajampa nafasi ya kuupata. Leo nimejileta mwenyewe.

Mwaka jana nilimchukua Rispa, mama wa watoto wawili aliyepoteza kazi ya ukarani, akitaka kuanza upya. Sheria niliyomfundisha siku ya kwanza: hakuna waya unaochomekwa bila lebo. Aliishika kuliko mimi. Tulipounganisha kompyuta za shule moja huko Kesses, mwalimu mkuu alimpenda, akaahidi kumwajiri autunze mtandao huo.

Siku ya mwisho nilikuwa na haraka. Nikachomeka ncha zote mbili za waya mmoja kwenye swichi ile ile inayogawa mtandao. Data ikawa inazunguka hapo hapo, shule nzima ikakwama, wanafunzi wakiwa katikati ya mtihani wa kompyuta. Rispa ndiye aliyeupata ule waya. Akauchomoa, akaniambia polepole, "Mzee, hii haina lebo."

Mwalimu mkuu akaingia. "Nani amefanya hivi?"

Mdomo wangu, huu unaopigania wanyonge kila asubuhi, ukajibu: "Ni huyu, Madam. Si unajua ndio anaanza."

"Pole, Madam," Rispa akasema, akinipa ule waya bila kunitazama. Tulipofika kwa geti ndipo alipofungua mdomo: "Kumbe zile vitu unaandikanga ni za watu wengine."

Kazi hakupata. Siku hizi anauza mboga Chepsaita.

Sasa shule inatafuta mtu tena, na mwalimu mkuu ananitaka nipendekeze jina kabla ya Ijumaa. Mke wangu anasema, "Andika tu kwamba Rispa amejirekebisha." Amejirekebisha nini, jameni? Hakukosea! Nikiandika hivyo nitakuwa nimemchafua mara ya pili. Nikisema ukweli, kazi waliyoniahidi ya kuweka mtandao kwenye bweni lao jipya imeenda, na jina langu nalo.

Ule waya uko hapa mezani. Mpaka leo sijauwekea lebo.

Niambieni, ndugu zangu, niandike nini kwenye hiyo barua? Na msinionee huruma. Mimi sijawahi kumwonea mtu huruma kwenye page hii.