Mstari Mfupi wa Kogo

Wiki jana, katika duka la dawa pale Kapsoit, mhudumu alinitazama mimi na kiti changu cha magurudumu, kisha akamgeukia mume wangu. "Mama anataka nini?" akamuuliza. Nikapandwa na hasira, na papo hapo nikamkumbuka kogo, bibi yangu aliyenilea kule Sosiot.

Unajua mashamba yetu yalivyo, chai tupu hadi mlangoni. Miguu yangu haijawahi kunibeba tangu nizaliwe. Asubuhi, tukishamaliza viazi vitamu, binamu zangu waliteremka na vikapu mgongoni kuchuna chai, nami nikabaki jikoni kuosha vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya mgando. Harufu ya ule mkaa unaopakwa ndani ya kibuyu niliipenda, lakini niliposikia vicheko vyao kule bondeni, wivu uliniuma vibaya. Nilitaka kikapu changu. Tatizo ni kwamba michai humfika mtu mzima kiunoni, na mimi nikiketi niliona mashina tu.

Siku moja nikamwambia kogo. Hakunipa pole. "Chai haichunwi na miguu," alisema, akaendelea kupukuchua mahindi. Msimu wa kupogoa ulipofika, alishika panga akaukata mstari wa karibu na nyumba chini kabisa kuliko mingine. Jirani yetu alicheka hadi akashikilia ua. Eti shamba lilifanana na kichwa kilichonyolewa na kinyozi mlevi! Kogo alimkaribisha mursik tu.

Tukangoja machipukizi, na ngoja ngoja ile nusura inimalize. Yalipokuwa tayari nilikaa juu ya gunia, nikajivuta kutoka mchai hadi mchai, nikichuna majani mawili na kichipukizi, mvua ya mchana ikinilowesha hadi mifupa. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo tena.

Kogo alinibeba mgongoni hadi kituo cha kuuzia majani, akaniketisha kwenye benchi. Karani alining'iniza kikapu changu kwenye mizani, akamtazama kogo.

"Hii ni ya nani, mama? Huyu hawezi chuna chai."

Foleni nzima ikanigeukia. Niliogopa kogo angesema ni yake, yaishe.

"Ako na mdomo," alisema kogo. "Muulize yeye."

Karani akainama, akaniuliza. Nikataja jina langu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Kogo alishatutoka. Binamu zangu wametawanyika, na jikoni mwake hakuna kibuyu hata kimoja. Mjomba, anayelitunza shamba sasa, aliuacha mstari wangu ukakua sawa na mingine. Nilipopita juzi sikuutambua, na niliumia. Kuna siku nautamani hata ule mgongo wa kogo uliokuwa ukinuka moshi.

Pale dukani mume wangu, ambaye ananijua, alitazama dari tu. Nikamgeukia yule kijana mhudumu.

"Niko na mdomo, mwanangu. Niulize mimi."

Akazunguka meza, akainama, akaniuliza.